Eda ya Nyumba Namba Saba

Kila magharibi Shamsia alikuwa na kazi moja isiyohitaji akili: kuwasha taa za nje za nyumba tisa, kupiga picha kila mlango, na kuzituma picha zote kwenye kundi la kampuni. Ofisi ya kampuni ilikuwa Dar. Nyumba zilikuwa huku, ukishatoka Bagamoyo mjini kwenda Mbegani, ndani ya ukuta mmoja mweupe wenye geti moja. Wenye nyumba wengine wako ng'ambo, wengine hawajazitia machoni tangu zipakwe rangi, na picha zile ndizo zilizowapa usingizi. Taa inawaka, mlango umefungwa, hakuna kilichoharibika.

Jioni ile alianza na namba moja kama kawaida, kishada cha funguo kikimgonga nyonga. Alipofika namba saba alisita.

Alijiambia haogopi. Bi Hajra alikuwa amezikwa jana yake kwao Mkange. Habari aliipata kwa Mzee Pazi, mlinzi wa getini, ambaye aliitoa huku anatazama pembeni kama mtu anayetema kitu. Shamsia alisema innalillahi, kisha akauliza kama tangi la maji limejaa.

Akawasha taa. Akapiga picha. Akatuma.

Simu ikalia hapo hapo. Ujumbe wa Najim, meneja wake.

"Mbona namba saba mlango uko wazi?"

Shamsia akainua macho. Mlango ulikuwa umefungwa. Akausukuma kwa kiganja, haukutikisika. Akaifungua ile picha aliyoituma.

Kwenye picha, mlango ulikuwa wazi.

Na ndani, kwenye giza la ukumbi, karibu na sakafu, ulionekana upindo wa nguo nyeupe.

Akanusa hewa. Ubani... Nyumba tupu, iliyofungwa siku mbili, na ubani unafuka kutoka chini ya mlango kama kuna mtu ameketi hapo ndani na chetezo chake.

Najim alitumiwa picha nyingine, na hiyo ilitoka sawa. Shamsia akazimaliza mbili zilizobaki mbio mbio. Akishawasha taa tu, picha alizipiga akiwa njiani.

Alichokifanya Shamsia nitakisema mimi, maana yeye mwenyewe hakupenda kukitaja.

Namba saba ilipangwa miaka sita na Mzee Abdulazizi, karani mstaafu wa bandari, na mkewe Bi Hajra. Mzee alikufa ghafla, na Bi Hajra akakaa eda humo humo alimofiwa, kama inavyotakiwa: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato, bila kutoka, bila kuonana na wanaume wasio ndugu zake. Hakuwa na mtoto. Aliyemwangalia ni Shamsia. Kila alasiri alipiga hodi na bakuli la uji wa mchele, na Bi Hajra alilipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua ile ile: "Allah akuhifadhie mumeo, mwanangu."

Kisha mwenye nyumba akataka nyumba yake. Alitaka kuigeuza ya wageni wa wiki moja moja, na mkataba ulikuwa kwa jina la marehemu. Najim alituma watu mara mbili kumtoa. Walipiga mlango mpaka wakachoka.

"Hafungulii wanaume, bosi," Shamsia alimwambia kwenye simu. "Yuko eda."

"Wewe si atakufungulia?"

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mama wa watu amebakiza siku chache tu, mwenye nyumba asubiri. Lakini Najim alikuwa amemwahidi usimamizi mkuu wa nyumba zote za upande huu, na pamoja nao nyumba ya kukaa, nyumba hasa, si kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya jenereta alichokuwa anabanana humo na mumewe Mikdad. Basi Shamsia akafungua mdomo, akampa Najim kitu ambacho Najim peke yake asingekijua mpaka kiama.

"Mimi nitapiga hodi na uji," alisema. "Akishafungua, mafundi waingie kwa mbele. Akiona wanaume atakimbilia uani kwa mlango wa jikoni, hatakubali wamwone. Akishatoka tu, funga nyuma, badilisha kitasa mbele. Hakuna wa kumgusa. Hakuna kelele."

Ikawa hivyo hivyo. Ilikuwa siku tatu baada ya Maulidi, saa kumi alasiri. Bi Hajra aliposikia "Hodi, Bi Hajra, ni mimi mwanao," alifungua akitabasamu. Bakuli lilianguka mlangoni. Bibi wa watu alijifunika uso, akakimbia kwa miguu yake ya uzee hadi uani, na Shamsia akamfuata na kuufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo wake mwenyewe.

Alimwona kupitia dirisha. Amesimama ameuelekea ukuta, mgongo kwao.

"Shamsia, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Umenitoa ndani ya eda."

"Mimi nimetumwa tu, bibi."

Kisha sauti ya upole, ile ile ya kuombea dua.

"Eda yangu inaisha jua la tarehe tano mwezi ujao, mfungo saba, likitua. Siku kumi na tisa, au ishirini. Mwezi ndio utakaosema... Kuna mtu atazikaa."

Shamsia alipiga picha kitasa kipya, akaituma. Najim akajibu kwa kidole gumba. Mzee Pazi ndiye aliyemtafutia Bi Hajra gari la kwenda Msata, ili aunganishe kwao Mkange. Hakufika. Walimkuta asubuhi kwenye benchi la stendi ya Msata, ameuelekea ukuta wa duka, amekufa.

Baada ya ile picha Shamsia alirudi chumbani nyuma ya jenereta. Mikdad alikuwa fundi wa injini za boti, na alizoea kujilaza kidogo akitoka kazini. Alimkuta kalala chali, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Mikono kifuani. Shamsia akawasha taa amwamshe kuswali.

Vidole gumba vya miguu yake vilikuwa vimefungwa pamoja.

Kipande cha bafta nyeupe. Fundo safi, la mtu anayejua anachokifanya.

Mikdad alipoamka alicheka mpaka akakohoa. "Wewe mwanamke, umeanza lini utani wa maiti?" Akalifungua lile fundo, akaitupa bafta kwenye ndoo ya taka, akaenda kutawadha. Shamsia hakucheka. Alikuwa ananusa karafuu maiti kwenye mto.

Kesho yake, magharibi, alimkuta na pamba puani.

Keshokutwa yake alikuta kitambaa kimepita chini ya kidevu cha mumewe na kufungwa utosini, kama wanavyomfunga aliyekata roho ili mdomo usibaki wazi. Safari hii alimtikisa, hakuamka. Alimpiga makofi. Alimwita jina, lake na la mama yake. Ilipita muda ambao Shamsia hataki kuukumbuka, ndipo akafumbua macho. Alikuwa wa baridi kuanzia magotini kushuka.

"Nimeota naogeshwa," alinong'ona. "Maji ya majani ya mkunazi, ya uvuguvugu. Aliyeniogesha ana mikono laini sana. Akaniuliza... mkeo anaitwa nani?"

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akasema anakujua."

Zahanati walimpima kila kitu wakakuta hana kitu, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Lakini Shamsia hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaelewa maneno ya uani, na yalimkata maini. Eda haikaliwi na mtu yeyote tu. Ili mwanamke akae eda, kwanza lazima mumewe afe.

Alimpenda Mikdad. Tumpe haki yake hapo. Hata ile nyumba aliyoiuzia utu wake, aliitaka ili Mikdad apate mahali pa kulala bila jenereta kumpigia kelele za ubavuni. Usiku ule hakulala, na alfajiri alipanda pikipiki kwenda Mkange kumtafuta aliyemwosha Bi Hajra.

Aliitwa Bi Mwanaharusi. Alikuwa anachambua mchele, redio inapiga kelele kando yake, na hakuizima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa nyumba za Mbegani." Hakuuliza, alisema tu. "Nilijua utakuja. Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye leso. Ufunguo. Ule wa kitasa cha zamani cha namba saba, umepinda.

"Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumba," alisema. "Nimeosha maiti wengi, mkono unafumbuka ukiubembeleza kwa maji ya moto. Ule niliubembeleza mpaka maji yakapoa. Ulipofumbuka, hiki ndicho kilichokuwamo. Chukua, mimi sikitaki nyumbani kwangu."

"Bibi, anamchukua mume wangu. Nifanyeje?"

"Mimi naosha maiti. Uganga siujui na sitaki kuujua." Akarudi kwenye ungo wake. Akatoa mawe mawili, akayarusha. Halafu, bila kumtazama: "Mliomtoa ndani ya eda kwa hila ni nyinyi. Siku zake anazitaka. Ningekuwa mimi, ningerudi mle ndani nikamkalia zilizobaki. Nyeupe, bila kutoka, bila mwanamume, mpaka jua la siku ya mwisho litue. Huenda akaridhika. Huenda asiridhike. Sasa nenda, sina chai ya kukupa."

Jioni hiyo hiyo Shamsia alimwandikia Najim kwamba namba saba ina mchwa, imepigwa dawa kali, na mtu asiikaribie wiki mbili. Uongo wa kazi alikuwa anaujua vizuri. Taa na picha akamwachia Mzee Pazi, na Mikdad pia akamwachia yeye. Akavaa nyeupe. Akaingia na mkeka, madumu ya maji, gunia dogo la unga, na simu. Kwenye simu alikuwa na kalenda ya Kiislamu, ile inayojihesabia yenyewe. Kila tarehe ilipogeuka, alisoma, akapumua.

Hakuwa peke yake humo.

Hakumwona mtu. Lakini chumba cha pili, kile alichokuwa analala Bi Hajra, kilikuwa na pumzi ndani yake. Alisikia tasbihi ikihesabiwa, punje moja moja... tk... tk... tk. Alisikia udhu ukitawadhwa bafuni, na alipokwenda kutazama sakafu ilikuwa imelowa. Alifunga madirisha yote kwa hofu, akaishi kwenye joto na ubani, na kila magharibi sauti ilitoka nyuma ya mlango ule, ya chini, ya upole.

"Moja imepita."

Basi. Haikusema zaidi.

Lakini Mikdad alikuwa anapona! Mzee Pazi alikuja kila asubuhi nyuma ya dirisha la jikoni, akageuza uso wake, akasema kwa sauti kama anaongea na ukuta: "Leo kakaa kitako." "Leo kala samaki, kaomba na pilipili." "Leo kaniuliza mke wangu yuko wapi, nikamwambia yuko kazini." Shamsia alilia kwa furaha kwenye mkono wa gauni lake. Alipanga atakavyomwomba radhi Bi Hajra kaburini. Alipanga kuacha kazi. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti, peke yake gizani, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Najim ile hila. Tasbihi ya chumba cha pili ilinyamaza kumsikiliza, kisha ikaendelea.

Ikafika siku simu iliposema: tarehe tano mfungo saba.

Alikaa mlangoni kutwa nzima. Aliutazama mwanga chini ya mlango ukigeuka kuwa wa manjano, wa chungwa, wa kijivu. Jua likatua. Akangoja tena kidogo kwa usalama. Sauti ya chumba cha pili haikusema kitu jioni hiyo, naye akaichukulia kuwa ndiyo ruhusa. Akafungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake, akakimbia akipita mbele ya nyumba zote kama msichana.

Mzee Pazi alikuwa getini, anatawadha kwa birika. Alipomwona, birika likamponyoka.

"Dada Shamsia! Umetoka?"

"Imekwisha, mzee wangu. Leo tarehe tano, na jua limetua."

"Tano kesho." Mzee alisimama, maji yanamchuruzika viwikoni. "Leo nne, dada. Mwezi ulifichwa na mawingu, haukuonekana popote pwani yote. Tulitimiza thelathini. Shehe alitangaza na kipaza sauti... hukusikia?"

Madirisha. Alikuwa ameyafunga yote.

*Mwezi ndio utakaosema.* Aliambiwa kwa mdomo, uani, na yeye akaenda kuuliza simu.

Sijui alirudije pale mlangoni. Alichomeka ufunguo wake, ule mpya unaong'aa, haukuingia. Akainama kutazama.

Kitasa kilikuwa cha zamani.

Kile kile kilichong'olewa na kutupwa, chenye kutu ukingoni, kilikuwa mahali pake kana kwamba hakijawahi kuguswa. Ufunguo wa kitasa hicho ulikuwa ule uliopinda. Na ule uliopinda alikuwa ameuacha ndani, juu ya mkeka.

Alipiga mlango kwa viganja. "Bi Hajra! Bi Hajra, nifungulie! Nilikosea kuhesabu! Nirudishe ndani, nitaikaa hiyo moja, nitakaa hata mwaka!"

Ndani, hatua za kuburuza zilikuja mpaka nyuma ya mlango. Zikasimama. Ubani ukapita kwenye tundu la ufunguo, wa moto.

"Shamsia, mwanangu..."

"Naam, bibi! Naam!"

"Mimi nimetumwa tu."

Komeo likasukumwa.

Mikdad alikufa kesho yake, tarehe tano, dakika ile ile jua lilipotua. Alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya chumba, anamhadithia mkewe habari ya injini iliyomshinda fundi mwenzake. Maneno yalimkatika katikati ya sentensi. Daktari alisema ni moyo. Waoshaji walipokuja walisema kuna mtu ameshawatangulia, maana vidole vilikuwa vimefungwa, pamba imewekwa, na mwili unanukia mkunazi.

Shamsia akakaa eda. Safari hii yake mwenyewe, kwenye chumba kile nyuma ya jenereta. Namba saba ikapokea wageni, na hakuna aliyelalamika juu ya chochote isipokuwa maji ya bafuni kutokuwa na nguvu. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa. Ufunguo ule uliopinda aliukuta asubuhi baada ya maziko, umewekwa juu ya mto wa Mikdad.

Mwanzoni alilia. Alipomaliza kulia, akaanza kufikiri, na alifikiri juu ya kitu kimoja. Yeye alikuwa amelipwa sawa na alichofanya, hilo alilikubali. Lakini Najim? Najim alituma rambirambi kwenye kundi, mikono miwili iliyoshikana. Baada ya miezi mitatu akatuma ujumbe mwingine: chumba cha wafanyakazi kinahitajika, msimamizi mpya anaanza, tafadhali utoe vyombo. Shamsia hakujibu. Akatuma watu wawili. Shamsia hakufungua. Hasira ilimkaa kifuani ikapata umbo, ikapata mikono na miguu, na usiku aliisikia ikihesabu.

Siku mbili kabla ya Miraji, saa kumi alasiri, hodi ikapigwa taratibu.

"Hodi, dada Shamsia. Shikamoo. Ni Adila, msimamizi mpya. Nimekuletea uji."

Shamsia alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Msichana mzuri, hina nyekundu mikononi, bakuli limefunikwa kawa. Na nyuma yake, kwenye kona ya jenereta, vivuli viwili vya wanaume vimejibana ukutani, kimoja kimeshika kisanduku cha vifaa.

Najim hakusahau lolote alilofundishwa.

Angeweza kutofungua. Mlango ulikuwa na komeo zuri, na chakula cha kumfikisha mwisho alikuwa nacho. Alimhurumia yule msichana, kweli alimhurumia, macho yake yalikuwa ya mtu asiyejua amebebeshwa nini. Akafungua.

"Marahaba, mdogo wangu." Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. "Una mume?"

Adila akaona haya, akatazama hina yake. "Ninaye, dada. Tuna miezi miwili sasa."

"Ni nani huyo mwenye bahati?"

"Si ni bosi Najim! Hukusikia? Yeye ndiye aliyenipa kazi hii, kasema tukae wote huku, Dar kumemchosha." Halafu akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Dada, unisamehe kwa watakaoingia sasa hivi. Mimi nimetumwa tu."

Shamsia aliunywa uji wote, amesimama hapo hapo. Ulikuwa na sukari nyingi kidogo. Akamrudishia bakuli, na kwa mara ya kwanza tangu Mikdad afe, akatabasamu.

"Allah akuhifadhie mumeo," alisema.

Wale mafundi hawakuhitaji kumkimbiza. Alijifunika uso, akapita mlango wa nyuma mwenyewe, akausikia ukifungwa, na akasimama akiuelekea ukuta.

"Eda yangu inaisha tarehe kumi na tano Shaabani," aliuambia ukuta, taratibu, ili msichana asikie kila neno. "Siku kumi na tisa, au ishirini. Mwezi ndio utakaosema."

Getini Mzee Pazi alimzuia, machozi yanamlenga. "Dada Shamsia, unakwenda wapi na siku zako hujazimaliza?"

"Kuna mtu atazikaa, mzee wangu. Nitafutie gari la Msata."

Alifika Msata jua limeshaanza kuinama. Malori yalikuwa yanapita, wauza mahindi wakigombania madirisha ya mabasi. Aliliulizia lile benchi, akaonyeshwa. Akaketi, akaugeuzia uso ukuta wa duka, akautoa ule ufunguo uliopinda. Akafumba kiganja, akangoja jua litue.